Kupiga banjo ya vidole vitatu kama akina Darling wa Mayberry

Kwenye vipindi vya The Andy Griffith Show, vichekesho vya televisheni ya Marekani kuhusu mji wa kubuni wa Mayberry, ambamo familia ya wanamuziki ya akina Darling inashuka kutoka milimani, mwangalie anayepiga banjo. Uso hauna habari kabisa, mkono wa kulia unakwenda mbio. Huyo ni Doug Dillard. Yeye, mdogo wake Rodney wa gita, Dean Webb wa mandolini na Mitch Jayne wa besi ndio The Dillards, bendi ya bluegrass (muziki wa nyuzi wa kijijini Marekani) ya Salem, Missouri, iliyotokea katika vipindi sita kati ya 1963 na 1966. Vijana wanakaa kimya, na baba yao Briscoe, aliyeigizwa na Denver Pyle, ndiye anayeongea na kupuliza mtungi kama ala ya muziki. Kichekesho kiko kwenye ukimya huo. Upigaji wenyewe si mzaha: ni mtindo aliouvumisha Earl Scruggs tangu alipojiunga na bendi ya Bill Monroe, mwanzilishi wa bluegrass, mwishoni mwa 1945.

Unahitaji banjo ya nyuzi 5. Ya nyuzi 4 haifai hapa, kwa sababu utamu wote unategemea ule uzi mfupi, wa 5, unaoanzia katikati ya shingo.

Anza kwa kutyuni, yaani kulinganisha sauti za nyuzi. Uzi wa 4 ni D, wa 3 ni G, wa 2 ni B, wa 1 ni D, na uzi wa 5 ni G ya juu. Hakikisha G hiyo kwa kubana uzi wa 1 kwenye freti (kijistari cha chuma shingoni) ya 5: sauti mbili zilingane. Uzi wa 5 ndio unaokatika mara nyingi, maana ni mwembamba na kigingi chake kwenye banjo za bei nafuu huenda hakina meno ya kupunguza mwendo. Ukikigeuza kidogo tu, sauti inaruka mbali. Zungusha polepole huku ukigonga uzi. Ukimaliza nyuzi zote, rudia duru ya pili, kwa kuwa ngozi iliyotandwa kwenye duara la banjo hunesa na kila uzi unaokaza huwashusha wenzake.

Kama banjo iko sawa nyuzi zikiwa wazi lakini sauti inaharibika ukibana juu zaidi shingoni, tatizo ni daraja, kile kibao kidogo kinachobeba nyuzi juu ya ngozi. Halikugundishwa, limeshikwa na mkazo wa nyuzi tu, hivyo husogea. Gusa uzi wa 1 kidogo juu ya freti ya 12 bila kuubana, upige, usikie ile sauti ya kengele. Kisha ubane hapo hapo na upige tena. Sauti ya kubana ikiwa juu zaidi, sogeza daraja mbali na shingo kwa unene wa kucha. Ikiwa chini, lisogeze karibu. Fanya hivyo pia kwa uzi wa 4. Na usilegeze nyuzi zote kwa pamoja unapozibadilisha, daraja litaanguka.

Vaa piki (ukucha bandia wa kupigia nyuzi) ya plastiki kwenye kidole gumba, na za chuma kwenye shahada na cha kati. Zile za chuma hukaa upande wa nyama ya kidole. Anayeanza huzivaa juu ya ukucha, halafu anashangaa mbona hazigusi uzi. Kidole cha pete na cha mwisho vipumzike juu ya ngozi karibu na daraja, kwa uzito mdogo. Mkono usioegemea mahali huyumba, na noti zinatoka moja kubwa moja ndogo.

Sasa rolo, yaani mpangilio wa noti nane ambao vidole huurudia. Ita gumba “gu”, shahada “sha”, cha kati “ka”, na utamke kwa sauti huku ukipiga. Ya kwanza ni gu-sha-gu-ka-gu-sha-gu-ka kwenye nyuzi 3-2-5-1-4-2-5-1. Ya pili huenda na kurudi: gu-sha-ka-gu-ka-sha-gu-ka kwenye 3-2-1-5-1-2-3-1. Ya tatu ndiyo inayoleta ile mbio ya bluegrass: gu-ka-gu-sha-ka-gu-sha-ka kwenye 2-1-5-2-1-5-2-1. Kidole kimoja hakipigi mara mbili mfululizo. Ukijikuta umefanya hivyo, ndipo mwendo utakapokukwama baadaye ukiongeza kasi.

Waliozoea gita la gumba na shahada, kama la Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wa Katanga, Kongo, wana faida na kikwazo. Vidole viko huru tayari, ila gumba limezoea kushikilia besi. Kwenye banjo gumba linaruka hadi uzi wa 5, ulio na sauti ya juu kuliko zote zikiwa wazi. Rolo ya kwanza pekee, kwa siku kadhaa, ndiyo dawa.

Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye 60 kwa dakika, noti mbili kwa kila tiki. Ukidumu dakika tatu bila kukosea, ongeza 5. Ukiyumba, rudi 10. Kabla ya kukimbilia kasi, jirekodi: noti zote nane ziwe na nafasi sawa, na zile za wimbo tu zipigwe kwa nguvu zaidi.

Mkono wa kushoto una kazi ndogo mwanzoni. Kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya G ni nyuzi wazi. C: uzi wa 4 freti ya 2, wa 2 freti ya 1, wa 1 freti ya 2. D7: uzi wa 3 freti ya 2, wa 2 freti ya 1. Ladha inatoka kwenye uzi wa 3: bana freti ya 2, piga, dondosha kidole kingine kwenye ya 3 papo hapo, kisha piga uzi wa 2 wazi.

Mkiwa kundi, besi ishike pigo la 1 na la 3, mandolini ikate fupi kwenye la 2 na la 4. Mwimbaji akiingia, banjo ishuke sauti au ifuate mandolini kwa kodi fupi. Rolo kamili juu ya maneno humfunika. Na akitaka kuimba katika A, weka kapo (kibanio cha shingoni) freti ya 2, halafu pandisha uzi wa 5 nao hadi A, au uubane chini ya kipini (ndoano ndogo iliyopigiliwa shingoni) kwenye freti ya 7 kama banjo yako inacho. Ukiusahau huo uzi mmoja, kila rolo itatoka chafu.