Namna ya kukusanya takwimu za Ziwa Viktoria pamoja na nchi jirani

Uganda haina pwani ya bahari, lakini inamiliki Ziwa Viktoria pamoja na Tanzania na Kenya, na samaki wa ziwa hilo hawajui mpaka. Ndiyo sababu nchi hizo tatu ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria mwaka 1994, lenye makao makuu Jinja.

Kabla ya kuingia majini, kubalianeni kwa maandishi juu ya vipimo, kwa kuwa takwimu zilizopimwa kwa njia tofauti haziwezi kulinganishwa hata zikiwa nyingi. Sangara alazwe kwenye ubao wa kupimia, mdomo ukiwa umefungwa na kugusa kizuizi, kisha urefu usomwe hadi ncha ya mkia. Andikeni pia aina ya zana, ukubwa wa matundu ya wavu na muda uliotegwa. Bila hayo, uzito wa samaki peke yake hauelezi hali ya ziwa.

Ung'avu wa maji hupimwa kwa kisahani cha Secchi, yaani kisahani chenye rangi nyeusi na nyeupe kilichofungwa kwenye kamba, ambacho huteremshwa upande wa mtumbwi wenye kivuli. Nukuuni kina cha maji pale kisahani kinapopotea machoni na pale kinapoonekana tena kikivutwa, kisha chukueni wastani.

Mkataba wa kugawana takwimu utiwe saini mapema, ukitaja nani atazihifadhi. Matokeo yarudishwe kwanza mwaloni, kwa Kiswahili au Kiganda, kwa kuwa wavuvi waliotoa samaki wao wapimwe wanastahili kuyasikia kabla ya mikutano ya Kampala.