Kupeleka Shauri Lako Mbele ya Majaji Watatu wa Televisheni ya Marekani

Kipindi cha Hot Bench, kilichobuniwa na Judy Sheindlin na kuanza kurushwa Septemba 2014 kikiwa na Tanya Acker, Patricia DiMango na Larry Bakman kwenye jopo, husikiliza madai madogo, yaani ya kiasi kidogo cha fedha, mbele ya majaji watatu badala ya mmoja. Jina lake ni msemo wa wanasheria: jopo ambalo limekwisha kusoma jalada na humkatiza msemaji kwa maswali. Jiandae kwa hilo. Hutapewa nafasi ya kusimulia, utaulizwa.

Kabla ya yote, elewa unachokitia sahihi. Ile si mahakama, ni usuluhishi unaozifunga pande zote mbili, na uamuzi wake huitwa tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, si zawadi. Shauri ulilofungua mahakamani litafutwa, kwa hiyo soma kifungu kinachosema kama linaweza kufunguliwa tena. Sheria ya shirikisho ya usuluhishi ya mwaka 1925 inaruhusu tuzo kutenguliwa kwa sababu chache, kama vile udanganyifu, upendeleo ulio wazi, au wasuluhishi kuvuka mamlaka yao. Jaji kupima ushahidi vibaya si mojawapo.

Uzito wa masharti hayo haulingani kwa pande zote mbili. Katika mahakama ya madai madogo ya California, mdai hana rufaa dhidi ya uamuzi wa dai lake mwenyewe, ila mdaiwa ana siku 30 za kukata rufaa. Anayeacha haki kubwa kwa kwenda kwenye televisheni, basi, ni mdaiwa. Kwa upande mwingine, tuzo za vipindi hivi hulipwa na watayarishaji, si na aliyeshindwa. Mdai anaepuka kazi ya kukaza hukumu, yaani kumfuatilia aliyeshindwa hadi alipe, kazi inayowashinda wengi waliokwisha kushinda kesi.

Shauri lifungue kama vile televisheni haipo. Watafutaji wa kesi wa vipindi hivi hupekua majalada ya mahakama, ambayo yako wazi kwa umma, na dai lililoandikwa hovyo hawalishughulikii. Kwa California, mdaiwa umdai kwanza, ikiwezekana kwa barua, ndipo ujaze SC-100, fomu ya kufungulia dai dogo. Mtu binafsi anaweza kudai hadi dola 12,500, na ada ya kufungua ni kati ya dola 30 na 75 kulingana na kiasi. Hati za wito huwezi kumpelekea mwenyewe: lazima apeleke mtu mzima asiye sehemu ya shauri, angalau siku 15 kabla ya kusikilizwa, au 20 kama mdaiwa yuko nje ya kaunti hiyo. Angalia pia ukomo wa muda: miaka 2 kwa makubaliano ya mdomo, 4 kwa mkataba wa maandishi, 3 kwa mali iliyoharibiwa.

Kazi kubwa ni jalada, nalo ndilo linalostahili usiku wako. Maswali yakiisha, majaji huingia chumbani kujadiliana na wewe hupo tena kujieleza. Kinachobaki nao ni karatasi, na wawili wakikubaliana, shauri limekwisha. Andaa seti tano: tatu za majaji, moja ya mpinzani, moja yako. Hati halisi zikae kwenye bahasha yake. Weka namba kwenye kila ukurasa, tena namba zile zile katika seti zote, ili jaji akisema "ukurasa wa 6" wote watatu wawe mahali pamoja. Ukurasa wa kwanza uwe na tarehe za matukio, mstari mmoja kwa kila tukio, na chini yake hesabu ya dai: kila kiasi na ukurasa unaokithibitisha. Kiasi kisicho na karatasi hukatwa, na mara nyingi kinawatia shaka hata juu ya vile vyenye karatasi.

Ujumbe wa simu uchapishe ukiwa na tarehe, saa na namba ya mtumaji. Jina ulilolihifadhi wewe mwenyewe halithibitishi chochote, na ujumbe mmoja uliokatwa katikati ya mazungumzo unaonekana unaficha kitu, hata kama hukukusudia. Katika ugomvi wa mkopo au zawadi, tafuta sentensi ambamo aliyepokea anataja kulipa: "nipe hadi mwisho wa mwezi" ina nguvu kuliko mashahidi watatu wa ukoo. Gari likiwa limegongwa, leta makadirio mawili ya mafundi pamoja na thamani ya gari kabla ya ajali, kwa kuwa hulipwi bei ya jipya. Kama ni amana ya nyumba, mwenye nyumba wa California ana siku 21 za kuirudisha au kutoa orodha ya makato. Akiizuia kwa nia mbaya anaweza kuongezewa adhabu ya hadi mara mbili ya amana. Hapo picha za siku ya kuingia na ya kutoka, chumba kwa chumba, zina nguvu kuliko maneno.

Shahidi aje mwenyewe. Ukisema "jirani aliniambia", utanyamazishwa.

Mbele ya jopo, mjibu jaji aliyeuliza, anza na ndiyo au hapana, kisha sababu moja. Usimkimbilie jaji anayeonekana kukuhurumia. Yeye ni kura moja tu, na huenda ndiye anayekupima kwa upole. Usizungumze na mpinzani hata akikutukana. Kosa linalowaangusha wadai wengi ni kukana jambo dogo linaloonekana kwenye karatasi zao wenyewe. Kama ulichelewa kulipa kodi ya nyumba mwezi mmoja, kiri mapema, kisha rudi kwenye ukurasa wa hesabu.