Somo: Siku Moja ya Kutazama Ndege, Toka Uwandani hadi Bonde la Mto

Wengi wanaoanza huuliza watafute ndege gani. Mimi nawaambia waanze na joto. Kwenye nyanda za wazi za Afrika Mashariki, joto ndilo linalopanga nani aonekane saa ngapi. Ukilifuata, ndege watakujia bila kukimbizana nao.

Hatua ya 1: Alfajiri uwe uwandani

Saa 12 kasoro uwe umeshasimama. Hewa bado ina baridi na imetulia, kwa hiyo hata ndege wa mbali anaonekana vizuri. Ikifika saa 4 mazigazi yameanza, na tandawala aliye mita 300 anabaki kivuli kinachotetemeka.

Jua liweke mgongoni. Usikimbilie darubini, pitisha macho matupu kwanza, polepole, ukitafuta kitu kinachotembea. Dume la tandawala mkubwa hufika kilo 18, ni katika ndege wazito kabisa wanaoweza kuruka, na bado akisimama kwenye nyasi ndefu utampita usimwone.

Ukimpata karani tamba, acha mengine yote. Anatembea kwa hatua ndefu, yale manyoya meusi ya kisogoni yakichezacheza. Mara anasimama, anakita mguu nyasini, anakita tena, kisha anainama na kuokota panzi au nyoka. Waliolipima teke lake walikuta nguvu yake ni mara tano ya uzito wa ndege mwenyewe, na unyayo hugusa kwa sekunde 0.015 tu. Tangu 2020 amewekwa kundi la walio hatarini kutoweka, ndiyo maana nakuomba kila umwonapo uandike mahali, saa na idadi.

Hatua ya 2: Jua likipanda, fuata firigogo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wengi huiruka. Kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi utasikia sauti za firigogo, ndege wa uwandani wanaofanana na njiwa, kabla hujawaona: vikundi vinapita juu kwa kasi, vyote vikielekea upande mmoja. Huko ndiko kwenye maji.

Wakitua, kwanza husimama kando wakipeleleza. Kisha wanashuka, wanakunywa haraka na kuondoka. Wewe mwangalie dume anayechelewa. Kama ana vifaranga, ataingia majini hadi tumbo lilowe, atajitikisatikisa, atatulia, atajitikisa tena. Manyoya ya tumbo lake hunyonya maji kama sifongo, mililita 25 hivi, naye huruka nayo kilomita nyingi kurudi uwandani. Vifaranga huja kukamua maji yale kwa midomo, manyoya yakiwa bado mwilini mwa baba yao.

Kwa hiyo kaa mbali, mita 50 au zaidi, na usiwazibie njia ya maji. Ukimfukuza dume huyo kabla hajalowa, kuna vifaranga watakaoshinda na kiu.

Hatua ya 3: Mchana tazama juu

Tafuta kivuli, kunywa maji, pumzisha macho. Hewa ya moto inayopanda ndiyo ngazi ya ndege wakubwa. Pungu, aina ya tai, hutangulia kwa kuwa ni mwepesi; utamjua kwa mkia mfupi mno na namna anavyoyumba kushoto na kulia. Tumbusi huinuka baadaye. Wakianza kushuka mmoja baada ya mwingine mahali pamoja, pana mzoga.

Hatua ya 4: Alasiri kaa ukingoni mwa mto

Kuanzia saa 9 chagua sehemu moja yenye mti mkavu ulioinamia maji na kingo za udongo zilizosimama wima. Kaa saa nzima. Anayetembeatembea huona migongo ya ndege wanaomkimbia.

Kwenye ukingo ule, vitundu vingi vilivyopangana ni viota vya keremkerem. Kwenye panda za mti, lundo kubwa la vijiti na matope lenye kijimlango upande wa chini ni nyumba ya fundichuma. Mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe ataning'inia hewani juu ya maji, mabawa yakipiga kwa kasi huku kichwa kimetulia tuli, halafu anadondoka kama jiwe. Akipata samaki humpigapiga kwenye tawi kabla ya kummeza. Angalia kifua: dume ana mistari miwili myeusi, jike ana mmoja uliokatika katikati.

Hatua ya 5: Andika hapohapo

Usisubiri kurudi nyumbani. Saa, mahali, idadi, na ndege alikuwa anafanya nini.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Ninunue darubini gani, 8x42 au 10x42?
Marahaba, mwanangu. Chukua 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukuzaji wa 10 hukuza pia mtetemo wa mkono na hupunguza eneo unaloliona, na ndege wa mtoni hawangoji uwatafute.

Kaka, mimi uwandani naona vindege vya hudhurungi tu, vyote sawa. Nifanyeje?
Hata sisi wa miaka mingi vinatutesa. Acha rangi, shika tabia: anaimba akiwa angani au juu ya kichaka? Anakimbia au anarukaruka? Mkia anautikisa? Na usipomjua, andika "sijamtambua" uendelee. Jina la kubahatisha linaharibu daftari zima.

Naruhusiwa kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili atoke?
Nakusihi usifanye hivyo, hasa wakati wa kutaga. Anadhani mpinzani ameingia kwake, anaacha kiota na kuja kupigana na simu.

Tunataka kushuka na watoto hadi kwenye maji. Ni salama?
Hapana, dada yangu, kama mto una viboko au mamba. Kiboko hutoka usiku kula majani na hurudi mtoni alfajiri. Ukiwa kati yake na maji, uko pabaya sana. Tazameni mkiwa juu ya ukingo mrefu pamoja na mwongozaji, au ndani ya gari. Ndege wengi huogopa mtu kuliko gari, hivyo watoto wataona zaidi wakibaki ndani.

Miezi ipi ni mizuri?
Oktoba hadi Aprili wageni kutoka Ulaya na Asia wanakuwepo: korongo weupe, keremkerem wa Ulaya, na makundi ya kozi wadogo wa Amur wanaopita na mvua za mwisho wa mwaka wakifuata kumbikumbi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi yake usilale.