Kujihoji mara tatu kwa kila tendo: zoezi alilopewa Rahula

Buddha alimwuliza Rahula, mwanawe wa kumzaa, kioo ni cha nini. Rahula akajibu kuwa ni cha kujitazamia, naye akaambiwa kwamba vivyo hivyo kila tendo, neno na wazo litazamwe tena na tena. Zoezi hilo, lililohifadhiwa katika maandiko ya Kibuddha ya Kipali, lugha ya kale ya Uhindi, ndilo ninalolifuata nikiuza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza.

Lianze siku za mbalamwezi, ambapo taa za wavuvi hazivuti dagaa na mwalo hupoa. Mwezi mpevu ni siku ambayo Wabuddha nao huitenga kwa kujitafakari.

Hatua ya 1: kabla ya tendo. Jiulize kama jambo unalotaka kulitenda litakudhuru wewe, litamdhuru mwenzako, au litawadhuru nyote wawili. Likidhuru, liache. Mteja akiniuliza kama dagaa wamekauka, huwashika kwanza mkononi, nikavuta pumzi moja, ndipo nikajibu.

Hatua ya 2: katikati ya tendo. Swali ni lile lile. Wengi huiruka hatua hii wakidhani kwamba neno lililokwisha kuanza sharti limalizwe, ilhali Rahula aliambiwa aache hata akiwa katikati. Ukijikuta unamsengenya jirani wa meza, nyamaza papo hapo.

Hatua ya 3: baada ya tendo. Hapa ndipo penye kazi. Wazo baya halidai kuungamwa, bali kuonewa aibu na kukataliwa. Kosa la mwili au la ulimi, hata hivyo, hutakiwa kuelezwa mbele ya mwalimu au mwenzako mwenye busara, kisha ujizuie siku zijazo. Masika moja niliuza gunia la dagaa walionyeshewa kichanjani, juu nikiwa nimewafunika kwa wakavu. Nilijuta usiku kucha, nikadhani majuto yametosha, na juma lililofuata nikarudia. Mkono ulikoma nilipomweleza mama aliyenifundisha biashara na kumrudishia mnunuzi fedha zake. Kurudisha fedha ni nyongeza yangu, lakini naisisitiza, kwa kuwa aliyedhurika ni mtu mwenye watoto wa kulisha.

Ukijihoji jioni usione kosa, Rahula aliambiwa akae kwa furaha. Nawe ifurahie siku hiyo kabla ya kulala, wala usijitungie kosa ambalo hukulitenda.