Jozi kubwa mkononi kwenye poka ya kikomo

Aliyezoea meza ambapo unaweza kusukuma pesa zote kati hukosea jambo moja akikalia meza ya kikomo: anadhani kingi mbili zitawafukuza wenzake. Hazifukuzi mtu. Dau limepangwa kama nauli iliyobandikwa kwenye kioo cha matatu, na anayetaka kuendelea na safari hulipa hiyo hiyo. Kazi yako ni kumtoza kila kituo, na pakipatikana nafasi, mara mbili.

Tuseme ni Jumamosi usiku Kileleshwa, meza ya 100/200. Kila mtu ana karata mbili za siri, na tano za pamoja hufunuliwa mezani. Kabla ya karata za mezani, na zikishafunuliwa tatu za kwanza, dau na kila nyongeza ni shilingi 100. Karata ya nne na ya tano, ni 200. Dau za lazima, ambazo wachezaji wawili huweka kabla ya kuona karata, ni 50 na 100. Meza nyingi hufunga raundi baada ya dau moja na nyongeza tatu, ila nyingine huruhusu nne, kwa hivyo uliza kabla ya kugawiwa.

Esi, kingi au kwini mbili: pandisha. Ukipandishiwa, pandisha tena. Kujikausha ili watu waingie kwa bei ya chini ni kuwapa nafuu wanaopaswa kukulipa. Esi mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda karibu mara 85 kwa 100. Dhidi ya tisa hushuka hadi 31 hivi, na hapo ndipo malalamiko huanza. Lakini katika meza ya watu kumi fungu lako la haki ni 10, nawe unachukua 31. Utapoteza mara nyingi zaidi na bado utaondoka na pesa zaidi.

Jeki mbili zina adabu yake. Pandisha ukiwa wa kwanza kuingia, lakini dau likishapandishwa mara mbili na watu wanaocheza kwa kubana, kuzitupa si woga.

Sasa umeshika kingi mbili, umepandisha hadi 200 ukiwa wa kwanza kuongea. Wawili nyuma yako wamefuata, mwenye dau kubwa la lazima amefuata, wa 50 ametupa. Mezani kuna 850. Zinafunuliwa 9 ya kopa, 6 ya kopa, 2 ya maua. Yule wa dau la lazima anaweka 100. Ukifuata tu, anayekuja nyuma akiwa na 10 na 8 anaombwa 100 kuwania 1,050. Anangoja 7 akamilishe mfululizo wa 6 hadi 10, karata nne kati ya 47 asizoziona, yaani hukosa mara 10.75 kwa kila moja anayopata. Bei unayompa ni 10.5 kwa moja, karibu kabisa na halali yake. Ukipandisha, anaombwa 200 kuwania 1,150, chini ya sita kwa moja. Akilipa hapo, amekuzawadia. Mwenye kopa mbili atalipa tu, tena kwa haki yake, maana hufika kopa tano mara 35 hivi kwa 100. Usikasirike: mtoze, kwa sababu hizo nyingine 65 hafiki.

Karata kubwa kuliko jozi yako ikitua, pima idadi ya watu. Ukiwa na kingi, esi hutokea kwenye zile tatu za kwanza karibu mara 23 kwa 100. Ukiwa na kwini, esi au kingi hutokea mara 41; ukiwa na jeki, karata kubwa hutokea mara 57. Mbele ya mtu mmoja, endelea kuweka dau. Mbele ya wanne, mmoja akiweka na mwingine akipandisha kabla zamu haijakufikia, jeki zako zimekwisha.

Onyo kubwa huja karata ya nne, dau linapokuwa maradufu. Mtu aliyekuwa kimya akikupandishia hapo, mara nyingi ana jozi mbili au zaidi. Acha kupandisha, fuata hadi mwisho. Ya tano ikifika na kuna 2,000 mezani pamoja na dau lake, naye anakudai 200, inatosha uwe mbele mara moja kati ya 11. Tupa pale tu kopa nne zimelala mezani, wewe huna hata moja, na watu wawili wanagombania kupandishiana.