Sindano ya Mgongoni: Kumwandaa Mtoto Mwenye Saratani ya Damu

Wazazi wanaopanda kilima cha Hospitali ya Bugando, Mwanza, na mtoto mwenye saratani ya damu hukubali dripu bila shida. Ikitajwa sindano ya mgongoni, wanasita. Awe ametoka Ukerewe, Geita au Magu, neno ni lile lile: "Sista, itampoozesha." Mimi ni muuguzi, na nawaomba msiikatae.

Mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo ina kuta zilizobanana mno. Sukari ina njia yake maalumu ya kupita. Dawa nyingi za saratani hazina. Ndiyo maana kipimo cha damu kinaweza kuonekana kizuri huku seli za saratani zimejificha kwenye ubongo, na ugonjwa ukarudi kutokea huko. Methotreksati, dawa ya saratani, ikiwekwa kwenye maji ya uti wa mgongo, ambayo huzunguka ubongo pia, inazifuata humo humo. Kuhusu kupooza: uti wenyewe, yaani shina la neva lililo ndani ya mgongo, unaishia juu zaidi. Sindano inaingia chini, kiunoni, penye maji na nyuzi za neva.

Kabla ya siku hiyo, uliza kama majibu ya damu yametoka, hasa chembe sahani (zinazogandisha damu), maana zikipungua sana mtoto anaweza kuvujia damu. Uliza pia kama atalazwa usingizi. Kama ndiyo, chakula kikome masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2.

Wakati wa kuchomwa, mtoto analala ubavu, magoti tumboni, kidevu kifuani. Mama, kaa upande wa uso wake umsemeshe. Usimdanganye kwamba haitauma. Mwambie itauma kidogo na asitikisike.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote. Vinkristini, dawa nyingine ya saratani, ni ya mshipani tu. Ikiingia mgongoni inaua. Shirika la Afya Duniani linashauri iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, si kwenye bomba la sindano, ili isichanganywe na dawa ya mgongoni. Mzazi ana haki ya kuuliza: "Hiyo ni dawa gani?" Uliza kila mara, hata kama daktari ana haraka. Sisi wauguzi hatukasiriki.

Baadaye alale chali kadiri atakavyoelekezwa, anywe maji. Kichwa kikiuma, usimpe aspirini. Homa, shingo kukakamaa, degedege au miguu kulegea: mrudishe hospitali usiku huo huo, msisubiri kliniki.