Rikoli za SUV ya mtumba: jinsi ya kuzitafuta, zipi ukague mwenyewe na zipi usiguse

Rikoli ni pale kiwanda kinapoyaita magari yake yarudi kurekebishwa bure kwa sababu ya kasoro ya usalama. Wito huo hufuata chasisi ya gari wala si mmiliki. RAV4 iliyouzwa Nagoya mwaka 2009, ikapigwa mnada na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam miaka kadhaa baadaye, bado inadai matengenezo yake kama hayakufanyika. Barua ilishatumwa kwa mwenye gari wa Japani. Wewe wa pili au wa tatu hutaletewa kitu, kwa hiyo inabidi utafute mwenyewe.

Anza na nambari ya chasisi

Ipo kwenye kadi ya gari au logibuku, lakini usiishie hapo. Isome pia kwenye gari lenyewe: kwenye kibati cha taarifa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kisha pale ilipogongwa kwenye bodi, ambapo kwa magari mengi ni ukuta wa nyuma ya injini au sakafuni chini ya kiti cha mbele. Kama nambari za karatasi na bodi hazilingani, una tatizo kubwa kuliko rikoli.

Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina ile nambari ya tarakimu na herufi 17. Lina kifupisho cha modeli, mstari, kisha tarakimu: ACA31 kwa RAV4, NT31 kwa X-Trail, SJ5 kwa Forester, na kuendelea. Ndiyo maana watu huiandika kwenye tovuti za Marekani au Ulaya, wanaambiwa nambari si sahihi, wanadhani gari lao halina rikoli. Wamegonga mlango usio wao.

Mahali sahihi ni tovuti ya Kijapani ya kiwanda husika. Toyota, Nissan, Honda, Subaru, Mazda na Mitsubishi kila mmoja ana ukurasa wa kutafuta rikoli kwa nambari ya chasisi. Fungua kwa kivinjari kinachotafsiri ukurasa. Kama kuna visanduku viwili, cha kwanza ni cha modeli (ACA31) na cha pili ni cha tarakimu, na ule mstari wa katikati hauandikwi. Kabla hujategemea tafsiri ya mashine, tafuta maandishi haya mawili: 未実施 maana yake kazi haijafanyika, 実施済 maana yake imefanyika. Piga picha ya ukurasa mzima pamoja na namba ya rikoli, utaihitaji.

Wajapani huzigawa kasoro katika mafungu matatu. La kwanza ni rikoli yenyewe, gari likiwa halifikii kanuni za usalama. La pili ni hatua za uboreshaji: kanuni haijavunjwa lakini hatari ipo. La tatu ni kampeni ya huduma, ambayo ni ya ubora tu, kama sauti isiyotakiwa au rangi kubabuka. Mawili ya kwanza yafuatilie mpaka mwisho. La tatu linaweza kusubiri.

Gari lenye nambari ya herufi na tarakimu 17 (la Marekani, Uingereza au Ghuba) hutafutwa kwenye nchi lilikouzwa mara ya kwanza. Kwa la Marekani, ukurasa wa NHTSA (idara ya usalama barabarani ya huko) ni wa bure na unajibu papo hapo. Nambari hizo hazina kamwe herufi O, I wala Q, kwa hiyo ukiona kitu kama O, ni sifuri.

Kama gari bado lipo Japani na hujalipia, hapo ndipo pa kufanya kazi hii. Mwombe muuzaji nambari kamili ya chasisi, itafute, na ukikuta rikoli iliyo wazi mwambie alipeleke kwa wakala wa kiwanda kabla halijapakiwa melini. Kule kazi hiyo ni bure na spea ziko karibu. Karatasi ya mnada inaonyesha mikwaruzo na kilometa, usitegemee ikuonyeshe rikoli.

Eabegi za Takata

Hii ndiyo rikoli kubwa kuliko zote zilizowahi kutokea, na kwa mtu wa pwani ndiyo ya kwanza kuangalia. Eabegi ni mfuko wa hewa unaofumuka siku ya ajali, na kijazio ni kopo la chuma linaloujaza gesi. Kijazio cha eabegi za Takata, kampuni ya Kijapani, kilitumia kemikali ya amonia naitreti kuzalisha gesi hiyo. Joto na unyevu vinapopanda na kushuka kwa miaka mingi, vidonge vya kemikali hiyo huharibika, na siku ya ajali huwaka kwa kasi kupita kiasi. Kopo la chuma hupasuka na vipande vyake humrukia dereva usoni na shingoni. Marekani peke yake eabegi kama milioni 67 ziliitwa, na Takata iliomba ulinzi wa kufilisika mwezi Juni 2017. Marekani waliyatanguliza majimbo ya joto na unyevu kama Florida. Tanga, Zanzibar na Mombasa zina hali hiyo mwaka mzima.

Japani ilianza Mei 2018 kuyanyima cheti cha ukaguzi magari ya kundi la hatari ambayo hayajabadilishwa kijazio. Hilo linasaidia, ila gari lililosafirishwa kabla ya hapo halikuguswa na sheria hiyo. Baya kuliko yote ni baadhi ya Honda za soko la Marekani za 2001 hadi 2003, zikiwemo CR-V ya 2002 na Pilot ya 2003: katika majaribio ya maabara, uwezekano wa kijazio kupasuka ulifika hadi asilimia 50. Gari la aina hiyo lisiendeshwe hata kwenda sokoni.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kusoma taa ya SRS, yaani taa ya mfumo wa eabegi kwenye dashibodi. Washa swichi bila kuwasha injini: taa inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, mfumo una kasoro. Isipowaka kabisa ni mbaya zaidi, kwa sababu mara nyingi ina maana mtu ameikata au kuiziba ili kuficha kuwa eabegi ilishafumuka na haikurudishwa. Angalia pia kama kifuniko cha usukani na cha dashibodi upande wa abiria vinalingana rangi na havina alama za gundi.

Usichoweza kufanya ni kuifungua. Usimwite fundi wa umeme wa barabarani aichomoe, na usinunue eabegi ya mtumba kwenye maduka ya spea. Ile ya mtumba inaweza kuwa na kijazio kilekile cha Takata, na nambari yako ya chasisi haitakuambia, kwa kuwa ilitoka kwenye gari jingine. Gari likiwa na rikoli ya upande wa abiria, abiria akae nyuma mpaka kazi ifanyike. Dereva asogeze kiti nyuma kadiri anavyoweza huku akifikia pedali vizuri, na mkanda ufungwe kila safari.

RAV4 na Vanguard: mambo manne ya kukagua

RAV4 ya kizazi cha ACA na ndugu yake Vanguard zimejaa barabarani kwetu, na kasoro zake zilizotangazwa unaweza kuziona kwa macho.

Mkono wa suspensheni ya nyuma. Mwaka 2012 Toyota iliziita RAV4 za 2006 hadi 2011 huko Marekani kwa sababu nati za mkono wa nyuma namba 1 zisipokazwa sawasawa baada ya kupima alaimenti, mkono hulegea, kutu inaingia kwenye nyuzi, na mwishowe mkono unaachia. Tatizo linaanzia mezani kwa fundi wa alaimenti. Inua gari kwa jeki, weka stendi (usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake), tikisa tairi la nyuma, kisha angalia nati za kurekebishia. Kutu nyekundu ya unga kwenye nyuzi ni dalili kuwa nati imelegea na mkono unacheza. Kila ukitoka alaimenti, mtake fundi azikaze kwa spana ya kipimo kufuata kitabu cha gari, kisha achore mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye mkono. Mstari ukikatika, nati imezunguka.

Mikanda ya kiti cha nyuma. Februari 2016 Toyota iliita magari karibu milioni 2.87 duniani, RAV4 na Vanguard zikiwemo, kwa kuwa katika ajali kubwa ya mbele fremu ya chuma ya kiti cha nyuma inaweza kuukata mkanda. Dawa ilikuwa vifuniko vya plastiki juu ya kingo za fremu. Hiki ni kifaa kidogo, kwa hiyo wakala akisema hana, mwambie aagize.

Swichi ya madirisha upande wa dereva. Oktoba 2012 yaliitwa magari milioni 7.43, na 2015 mengine milioni 6.5, kwa sababu grisi ndani ya swichi haikupakwa sawasawa. Swichi huwa nzito, hukwaruza, hunuka plastiki ya kuungua, na inaweza kuwaka moto. Fundi wengi wakikuta swichi nzito hupuliza mafuta ya kopo. Toyota yenyewe ilionya dhidi ya hilo: mafuta ya kawaida yanaweza kuyeyusha swichi na kuleta moshi. Grisi iliyotumika kwenye rikoli ni maalumu, ya florini. Swichi ikianza kugoma, acha kuitumia na ibadilishwe.

Betri. Hii ni ya kizazi kilichofuata, RAV4 za 2013 hadi 2018, zaidi ya milioni 1.8 zilizoitwa Marekani mwaka 2023. Betri yenye kichwa kidogo ikifungwa na kishikio kisichokazwa vizuri, kwenye kona kali inasogea, nguzo chanya inagusa chuma cha kishikio, moto unazuka. Kwetu hatari ni kwa kila SUV, maana betri hubadilishwa kwa iliyopo dukani. Soma kodi (msimbo) iliyoandikwa juu yake: kwenye 55D23L, D ni daraja la upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, L ni upande wa nguzo. Ukipachika B24 kwenye sahani ya D23, ni nyembamba kwa zaidi ya sentimita 4 na kishikio hakiishiki. Kipande cha mbao au mpira wa tairi si suluhisho. Shika betri kwa mikono miwili uitikise: isisogee hata kidogo. Hakikisha kifuniko chekundu cha nguzo chanya kipo. Spana namba 10 inatosha kwa kazi yote.

Forester na taa za breki

Mwaka 2019 Subaru iliita magari zaidi ya milioni 2.2 duniani, Forester, Impreza na XV, kwa ajili ya swichi ndogo ya pedali ya breki. Gesi ya silikoni kutoka kwenye vipodozi na dawa za kung'arishia dashibodi huganda kwenye migusano ya swichi na kuzuia umeme. Watu hutumia pesa nyingi hapa bure, kwani dalili zinafanana na za mambo mengine: ukibonyeza kitufe injini haiwaki, au gia inagoma kutoka P. Fundi anabadilisha betri, kisha stata. Kabla ya yote hayo, rudisha gari karibu na ukuta usiku ukanyage breki. Ukuta usipobadilika kuwa mwekundu, anza na fyuzi na swichi ya breki. Swichi ni spea ndogo inayobadilishwa kwa muda mfupi. Na usipulize dawa ya silikoni eneo la pedali.

Kasoro zisizo rikoli

X-Trail ya CVT (gia otomatiki inayotumia mkanda badala ya meno) kutetemeka au kuvuta kwa shida mara nyingi ni suala la oili. NT31 hutumia NS-2, NT32 hutumia NS-3, na RAV4 ya ACA31 yenye CVT hutumia oili ya Toyota ya TC. Oili ya gia otomatiki ya kawaida ndani ya CVT huua mkanda wa ndani. Muuzaji akisema "hii inaingia zote", nenda duka jingine.

Taa ya injini ikiwaka, isomwe kwa skana na kodi iandikwe kabla haijafutwa. Kufuta bila kuandika ni kujinyima ushahidi. Kama injini inazima ghafla ukiwa mwendoni, chukulia kama rikoli mpaka uhakikishe sivyo: mwaka 2020 Toyota ilianza kuita magari yenye pampu za mafuta za Denso ambazo gurudumu la ndani huvimba kwa petroli na kukwama.

Kwa wakala

Nenda na nakala ya kadi, kitambulisho, na ile picha ya ukurasa wenye namba ya rikoli. Usiulize "gari langu lina rikoli?" Sema "chasisi hii ina rikoli namba hii ambayo haijafanyika, naomba kazi ifanywe." Magari ya mtumba hayakuuzwa na wakala wa hapa, kwa hiyo huenda akahitaji kibali cha kiwanda na kuagiza spea. Omba kwa barua pepe ili jibu liwe la maandishi. Akikataa, andikia kitengo cha wateja cha kiwanda ukiambatisha jibu hilo. Malalamiko ya mlaji hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC) kwa Tanzania na Mamlaka ya Ushindani kwa Kenya.

Gari likitoka, dai karatasi yenye namba ya rikoli, nambari ya chasisi, namba ya spea mpya, tarehe na muhuri, kisha washa swichi hapohapo uangalie taa ya SRS ikiwaka na kuzima kabla hujasaini.